Amepona?

Jioni hiyo nilikuwa natoka sokoni Kashaulili na ngozi laini ya mbuzi kwapani, uzi wa kushonea viatu mfukoni, na chupa ya gundi niliyoizungushia gazeti. Bodaboda aliniacha barabarani kwa sababu njia ya kwangu ina mchanga na yeye alikuwa ameosha pikipiki mchana. Nikatembea. Mwamkulu saa kumi na mbili jioni kuna moshi wa jikoni, kuna ng'ombe wa jirani yangu Mwandu wanarudi zizini, na kila nyumba unayoipita unasikia watu wakiongea. Ukifika kwangu husikii kitu. Ndiyo maana hata dukani nilikuwa nimechelewa, nachagua rangi ya uzi muda mrefu mpaka muuzaji akaniuliza kama nashona shela la harusi.

Naitwa Silvesta. Nimeendesha malori ya mpunga na mahindi mpaka mgongo ukagoma. Mke wangu Cecilia alifariki miaka mitatu iliyopita, na binti yetu pekee, Upendo, ameolewa Mishamo na mkulima mmoja anaitwa Leonidas, kijana mpole asiyejua kusema uongo hata ule wa heshima. Upendo anafundisha watoto wa chekechea, na Kiswahili chake ni cha kumkera mtu. Mimi nikisema "gari imeharibika," yeye anadakia hapo hapo, "Limeharibika, baba. Gari ni li." Alianza kunisahihisha akiwa darasa la tano na hakuwahi kuchoka. Humu naandika "li" kwa ajili yake. Akisoma, yeye mwenyewe hasa, atajua.

Wakati ule alikuwa anaumwa. Ilianza miguu kukosa nguvu, ikafuata mikono, mwisho akawa mtu wa kulala tu. Vipimo vilichukuliwa, dawa zikatolewa, ugonjwa haukupata jina. Siku moja Leonidas akanipigia simu.

"Baba, daktari anashauri akae karibu na mji. Lakini kwa hii barabara, kwa sasa hawezi. Akipata nguvu ya kukaa, uje na gari umchukue, akae kwako mpaka awe sawa."

Nikasema nitakuja. Nikakata simu, nikawasha taa zote za nyumba, chumba hadi chumba, nikawa nazunguka kama mtu aliyepoteza kitu. Nyumba ingepata mtu. Sina namna nyingine ya kulisema hilo.

Gari lenyewe lilikuwa limekaa chini ya turubai tangu msiba. Injini fundi alikwisha kuifufua. Ndani ndiko kulikuwa na maafa. Panya walikuwa wamekula sponji ya kiti cha mbele, kitambaa cha paa kimening'inia, jua limepasua dashibodi, na mlango wa kushoto haukuwa na ubao wake wa ndani. Sikutaka mwanangu mgonjwa apande banda la kuku. Nikasema nitalitengeneza mwenyewe, hapo hapo uani. Kusubiri bila kazi kunamaliza mtu.

Usukani ndio ulikuwa mbaya kuliko vyote. Ngozi yake ya zamani ilichubuka ikawa inanata, ukiushika unaondoka na weusi viganjani. Na usukani huwa unalika pale mkono unapokaa. Huu ulilika kulia, juu kidogo, ndipo ninaposhika mimi. Lakini na kushoto, chini, palikuwa na sehemu ndogo imelika, upana wa vidole vitatu. Hiyo ilikuwa ya Cecilia. Safarini nikitaka kufuta miwani au kumenya chungwa, yeye kwenye kiti cha abiria alinyoosha mkono akanishikia. Hakuwahi kujifunza kuendesha. Alikuwa anashika tu, uso ameukunja, anatazama barabara kana kwamba gari zima ni jukumu lake.

Basi jioni hiyo nilifika, nikaweka vitu juu ya boneti, nikafungua mlango nipime ngozi kwenye usukani. Jua lilikuwa limeshazama lakini bado unaona. Ng'ombe wa Mwandu walikuwa wakilia kule zizini...

Wakanyamaza.

Wote, kwa pamoja. Kisha nikasikia harufu ya tumbaku, ile ya majani mabichi yanayokaushwa kwa moshi. Hapo kwetu hakuna mtu mwenye bani la kukaushia tumbaku, na msimu wenyewe haukuwa wake.

"Amepona?"

Nikageuka. Nje ya ua wa minyaa, kwenye pengo ambalo mbuzi hupita, alikuwa amesimama bibi mmoja. Kitenge alikuwa amekivuta kichwani mpaka kwenye nyusi. Uso sikuuona vizuri.

"Shikamoo, bibi."

Hakusema marahaba. Alikuwa anatazama upande wa gari.

"Amepona?" akauliza tena, taratibu.

Nikacheka moyoni. Upendo angekuwepo angeshika kichwa kusikia gari likiitwa "a." Lakini hapa kwetu wengi Kiswahili tulikikuta ukubwani, juu ya lugha za nyumbani, na kila mtu anakisema anavyoweza. Huenda kwa bibi huyu gari lilikuwa kama ng'ombe, linakula, linachoka, linaumwa. Nikamjibu hivyo hivyo anavyosema yeye, kwa utani. Siku nzima sikuwa nimetaniana na mtu.

"Bado, bibi. Yuko mahututi."

"Akipona?"

"Akipona ni wako. Utakaa mbele, mimi ndiye dereva wako, nakufikisha mpaka kwenu."

Ni utani wa kawaida. Ukiwa na gari bovu nyumbani, kila anayepita unamwahidi lifti, naye anashukuru, na hakuna anayekuja kudai. Bibi yule akatoa mikono chini ya kitenge, akakutanisha viganja.

Kwa... kwa...

Makofi mawili mazito, ya viganja vilivyokunjwa, yale wazee wanayopiga wakipewa kitu mkononi.

"Nimepokea," akasema.

Nikainama kuokota chupa ya gundi iliyoteleza kutoka kwenye boneti. Nilipoinuka pengo lilikuwa tupu. Ng'ombe wakaanza kulia tena. Nilijiambia kwamba bibi ana miguu myepesi kwa umri wake, nikaingia ndani kuchemsha chai.

Akawa anakuja kila jioni. Saa ile ile, pengo lile lile, swali lile lile, na mimi namjibu "bado kidogo, bibi." Nilimkaribisha chai, hakuingia. Nilimuuliza kwao ni wapi, akasema "kwetu," basi. Na nikwambie ukweli, nilianza kumsubiri. Nilianza kuoga kabla ya magharibi. Mtu ukikaa peke yako muda mrefu, hata anayekuuliza neno moja tu anakuwa mgeni wako.

Kazi ikaenda. Nikatoa sponji iliyoliwa na panya, nikaweka mpya, nikashona kiti cha mbele kikasimama vizuri. Usiku ule Leonidas akapiga simu.

"Baba, leo amekaa. Mwenyewe, bila kushikwa."

Nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka mbwa wa Mwandu wakabweka. Nikabandika upya kitambaa cha paa, na siku hiyo kichwa kilichokuwa kinamuuma Upendo wiki nzima kikaacha. Nikarudisha ubao wa mlango wa kushoto. Upendo akaongea mwenyewe, Leonidas amemshikia simu, ananiambia amesimama mlangoni anaangalia watoto wakienda shule. Mimi sikuunganisha kitu na kitu. Ungeunganisha wewe? Mwanangu alikuwa anapona na nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hafanyi upelelezi.

Ikabaki mikono. Vidole vyake havikuwa vinashika hata kijiko. Na kwenye gari ukabaki usukani.

Kuuvalisha usukani ngozi ni kazi ya subira. Unauosha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, unausugua kwa msasa mpaka ule unato uishe, unaziba nyufa, unakata ngozi iwe fupi kidogo kuliko inavyotakiwa ili ibane. Kisha unashona kwa ndani, tundu na tundu, unavuta mpaka uzi unakukata vidole. Nilianzia kulia, upande wangu. Niliufanyia kazi ndani ya gari nikiwa nimekaa, simu iko juu ya dashibodi. Upendo akapiga jua likiwa linazama. Nikaweka sauti ya nje, nikaendelea kushona.

"Baba, unafanya nini?"

"Nashona usukani wa gari yako."

"Gari lako, baba. Li." Akacheka. Kisha akashusha sauti. "Baba, leo nimeshika kikombe."

"Asante Mungu."

"Kwa mkono wa kulia. Lakini nguvu zinakuja vibaya. Nasikia kama sindano inapita kwenye kidole... halafu kinavutwa... halafu kinapata nguvu. Kidole kimoja kimoja." Akaguna. "Hiyo hapo. Sasa hivi. Cha mwisho."

Nilikuwa nimetoka kuvuta uzi.

Sikusogea. Nikaitazama sindano. Nikaipitisha kwenye tundu lililofuata, polepole, nikavuta.

"Aah," akasema Upendo kwenye simu. "Tena, baba. Sasa mkono wa kushoto."

Ng'ombe wa Mwandu walikuwa wamenyamaza. Sikujua wamenyamaza tangu saa ngapi. Harufu ya tumbaku iliingia kwenye gari, ikajaa mpaka nikaisikia mdomoni.

"Amepona?"

Nikakata simu. Nikafungua kioo nusu.

"Bibi," nikasema, na sauti yangu mwenyewe sikuitambua. "Unamuuliza nani?"

"Uliyesema ni wangu."

"Nilisema gari."

"Sikuuliza gari," akasema bila hasira yoyote, kama mtu anayemwelekeza njia mgeni. "Niliuliza amepona. Ukasema akipona ni wangu. Atakaa mbele na mimi. Utatufikisha."

"Ni utani, bibi. Nilikuwa nakutania."

"Nilipokea."

Akageuka akaondoka kando ya minyaa. Nilisikiliza nisikie hatua zake. Majani makavu yalikuwa yamejaa pale chini na hakuna hata moja lililolia.

Asubuhi Mwandu aliponiletea maziwa nilimsimulia. Mwandu ni mtu mzima, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake miaka mingi, si mtu wa kushtuka ovyo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanitazama kwa huruma, na huruma hiyo ikanitisha kuliko kama angecheka.

"Mzee Silvesta, mimi huwa nakuonaga hapo jioni. Nakuona unaongea na minyaa. Nikasema moyoni, jirani yangu amezidiwa na upweke, nisimwaibishe."

"Hukuona bibi?"

"Sijaonaga mtu. Lakini ng'ombe wangu wanaona kitu, hilo najua." Akageukia upande wa zizi lake. "Marehemu mama yangu alikuwa mkali sana nyumbani kukiwa na mgonjwa. Mtu msiyemjua akiuliza mgonjwa amepona, nyie msijibu ndiyo wala bado. Semeni Mungu anajua, fungeni mlango."

"Kwa nini?"

"Hakusemaga kwa nini. Alikuwa anatuchapa tu."

"Sasa nifanyeje?"

"Ukimwambia amepona, anachukua. Basi usimwambie." Akachukua chombo chake cha maziwa. "Na mimi usinitaje jina akiwepo."

Jambo la kwanza nililofikiri ni kufumua. Nilikaa kwenye gari, nikachukua wembe, nikakata mishono miwili tu ya mwanzo. Kabla sijafika wa tatu simu ikaita. Leonidas. Upendo alikuwa ameshika sufuria ya uji, mkono wa kulia ukamwachia ghafla, uji ukamwunguza mguu. Nikaishona upya mishono ile machozi yananitoka, nikajichoma sindano zaidi ya mara moja, na sikuacha mpaka Leonidas aliponiambia mkono umerudi.

Basi nikabaki hapo. Kufumua siwezi, kumaliza siwezi. Nikaushona usukani mzima isipokuwa sehemu moja, kushoto, chini, upana wa vidole vitatu. Pale pa Cecilia. Ngozi mpya niliiacha wazi hapo, sindano inaning'inia na uzi wake, na chini yake unaona ile ya zamani iliyolika kwa mkono wa mke wangu. Nilipachagua kwa makusudi. Nilisema, mama yake amshikie hapo.

Upendo akapona kila mahali, isipokuwa vidole vitatu vya mkono wa kushoto.

Jioni bibi anakuja. "Amepona?" Mimi nasema, "Mungu anajua." Anasimama kidogo, anaondoka. Kesho anarudi.

Nilidhani naweza kuishi hivyo. Mtu anaweza kuishi bila vidole vitatu. Ambacho sikukipigia hesabu ni Upendo mwenyewe. Alikuwa ameshapata nguvu, daktari alisema aje mjini, na gari alijua limebaki kidogo tu. Kila siku akawa ananiuliza nakuja lini, na mimi kila siku nina sababu. Tairi. Mvua. Mgongo. Ningemwambia nini kwenye simu? Ningemwambia nimemgawa mwanangu kwa sababu ya irabu moja?

Mara ya mwisho alipopiga hakunisahihisha kitu.

"Baba, kama hutaki nije, sema tu," akasema. "Nitaelewa. Umezoea kukaa peke yako."

Nilitaka kulia. Nikasema, "Gari bado haijapona, mwanangu."

Akakata simu.

Siku mbili hazikupita. Ilikuwa jioni, nilikuwa jikoni napuliza mkaa, na mkaa ulikuwa mbichi, moshi umenijaa machoni. Nikasikia bajaji ikisimama barabarani. Sikujali, bajaji zinapita. Nikasikia mtu anatembea kwenye mchanga, anaimba kidogo kidogo, kisha sauti ambayo ningeitambua hata nikiwa kaburini.

"Baba? Hodi. Nimekuja mwenyewe, usinifukuze."

Nikadondosha kipepeo cha mkaa. Nikasimama, na furaha ilinipanda mpaka kooni, naapa ilinipanda, kabla sijagundua kwamba ng'ombe wa Mwandu hawalii.

Nikasikia sauti ya pili.

"Amepona?"

Nikakimbia. Jikoni kwangu mpaka uani si mbali, ila kuna mlango, na mlango ule unafunguka kwa kuvuta, na mimi niliusukuma. Niliusukuma kama mwendawazimu, kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe. Na kule nje mwanangu, tuliyemlea asalimie kila mzee anayekutana naye, alikuwa anasalimia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Unamuuliza nani, bibi? Mimi? Nimepona. Asante kwa kuuliza."

Kwa... kwa...

Mlango ukafunguka.

Upendo alikuwa amesimama peke yake kando ya pengo la minyaa. Begi lilikuwa mkono wa kushoto, amelibana kwa vidole vyote vitano. Alinigeukia. Akatabasamu.

"Bibi yuko wapi?" nikauliza.

"Bibi gani?" akasema.

Nikamkumbatia. Alikuwa wa moto, mwenye mwili, mzito kama mtu mzima mwenye afya. Nilishukuru. Nikamwingiza ndani, nikatoka peke yangu na tochi, nikafungua mlango wa gari. Usukani ulikuwa umekamilika. Pale pa vidole vitatu ngozi ilikuwa imefungwa, imebanwa vizuri kuliko popote nilipobana mimi, na mishono yake ililala upande mwingine, wa mtu aliyeshona akiwa amekaa kiti cha abiria. Sindano ilikuwa imewekwa juu ya dashibodi. Nilipoishika ilikuwa na joto.

Sasa Upendo yuko nyumbani. Anakula, anafua, anafagia uwanja alfajiri. Majirani wanakuja kumshukuru Mungu pamoja nami, na Mwandu anatuletea maziwa, ila siku hizi anayaacha barabarani. Leonidas alikuja na pikipiki, akakaa Jumamosi na Jumapili. Wakati wa kuondoka alisimama muda mrefu anachezea kofia ya pikipiki.

"Baba," akaniuliza kwa sauti ya chini, "Upendo zamani alikuwa anapiga makofi ukimpa kitu?"

"Labda amejifunza huko kwenu."

"Kwetu hajapiga," akasema. Hajui kusema uongo, nilikwambia. Akawasha pikipiki. Tangu hapo simu zake zimekuwa za nadra.

Upendo hajanisahihisha tena. Hilo ndilo linaloniua. Nimekosea kila ninachoweza kukosea. Nimesema "mayai yangu imevunjika," nimesema "kile kitabu yuko wapi," mambo ambayo yule Upendo wangu angeruka kutoka usingizini kuyarekebisha. Ananisikiliza tu, anatikisa kichwa kwa adabu.

Leo jioni nilimpa chai, nikakaa mbele yake, nikamtazama machoni.

"Gari imepona, mwanangu," nikasema.

Nikasubiri. Silabi moja tu. Aseme limepona, baba, na mimi nisingeomba kitu kingine duniani.

Akaweka kikombe chini. Akakutanisha viganja.

Kwa... kwa...

"Amepona," akasema. "Twende kwetu."

"Hapa ndipo kwenu, Upendo."

Aliinuka, akajitanda kitenge kichwani kwa sababu ya baridi, akatoka uani. Nikasikia mlango wa gari ukifunguliwa, wa mbele, wa kushoto. Kisha mkanda wa kiti ukavutwa taratibu mpaka ukaingia mahali pake... ta.

Yuko kule hadi sasa ninapoandika. Ufunguo uko mezani. Nimejaribu kukumbuka sauti ya Cecilia, angesema nini, na kinachokuja ni harufu ya tumbaku tu. Nyumba imekuwa kimya tena, kimya kile kile cha zamani.

Nimeshavaa viatu.